Ubeti, Picha na Kichwa cha Habari: Magazeti Pendwa Chini ya Serikali za Wanyonge

TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 1954 jijini Dar es Salaam katika nyumba moja ya New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, jirani kabisa na Soko la Kariakoo. Gazeti la chama, Uhuru, lililoanza 1961, nalo likaweka ofisi katika mtaa huohuo. Ukitoka hapo kwa miguu, upande mmoja unafika Viwanja vya Mnazi Mmoja, mahali pa mikutano ya hadhara tangu enzi za kupigania uhuru. Upande wa pili unaingia kwenye maduka ya vitenge, vijiwe vya kahawa na meza za wauza magazeti. Chama, gazeti lake na watu waliokusudiwa kulisoma wamekaa pua na mdomo kwa zaidi ya nusu karne. Ndiyo maana Kariakoo ni mahali pazuri pa kuulizia jambo linalohusu nchi nyingi: serikali inayotawala kwa jina la mnyonge inapotaka kumwingia msomaji moyoni, hupitia ukurasa gani wa gazeti?

Wengi watasema ni ukurasa wa mbele, wenye hotuba ya kiongozi. Sikubaliani nao. Hotuba msomaji ameshaisikia redioni, ameizoea, na akichoka huiruka. Propaganda yenye nguvu hukaa katika kurasa ambazo kwazo msomaji amelinunua gazeti: shairi, katuni, picha ya nyota, barua, ukurasa wa watoto. Hizo huzisoma akiwa amejiachia, hana tahadhari. Katika makala haya ninalinganisha jadi mbili za kurasa hizo. Ya kwanza ni ya Dar es Salaam katika enzi ya Azimio la Arusha. Ya pili ni ya Argentina chini ya Juan Perón, kuanzia 1946 hadi 1955. Kisha nitazipima kwa miaka ya Rais John Magufuli, ambapo nadhani jadi hizo mbili zilikutana. Kipimo changu ni kimoja: je, umbo la ukurasa wenyewe linamwachia msomaji nafasi ya kujibu?

Ubeti unaodai jibu

Kiswahili kilikuwa na ushairi wa siasa kabla hakijawa na gazeti. Mwanzoni mwa karne ya 19, miji ya Mombasa na Lamu ilipokuwa katika uhasama, Muyaka bin Haji na Zahidi Mngumi walirushiana tungo, na kila mmoja alijua kwamba shairi lililotumwa litarudi na jibu lake. Mambo Leo, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, lilirithi desturi hiyo. Serikali ilikuwa na yake ya kuhubiri humo: usafi, kilimo bora, utii. Lakini wasomaji waliufanya ukurasa wa mashairi kuwa baraza lao. Waliulizana mafumbo, wakasahihishana vina, wakagombana kwa adabu, na gazeti la mtawala likawa uwanja wa watawaliwa kuzungumza wao kwa wao.

TANU ililijua jambo hilo kwa sababu lilikuwa katika damu yake. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi 17 wa chama hicho, alikuwa mshairi. Sheikh Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuja kuwa meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri. Kwa hiyo Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, Mwalimu Nyerere hakuwategemea makatibu wa chama peke yao kulieneza. Mwaka 1968 aliwaomba washairi walifikishe kwa wananchi, na Mathias Mnyampala akaitikia kwa ngonjera. Tungo hizo zilitoka katika vitabu vya Ngonjera za UKUTA kuanzia 1970, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na watoto wa shule wakazikariri nchi nzima.

Tuutazame kwa karibu ukurasa wa mashairi wa magazeti ya wakati ule. Mtunzi huanza kwa kumwomba mhariri nafasi, kama mgeni anavyobisha hodi. Kila ubeti una mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikishikana. Mwishoni hutangaza kwamba amefika kaditamati. Chini yake huja jina, mara nyingi la lakabu, kisha sanduku la posta na mji. Sanduku hilo la posta lina uzito mkubwa. Linamwambia msomaji kwamba maneno haya yana mwenyewe, mwenyewe yuko Kilosa au Mtwara, na ukiwa na hoja, mjibu. Hata shairi lililoandikwa kusifu vijiji vya ujamaa lilibeba mwaliko huo, kwa sababu umbo lenyewe ni la kulumbana.

Hapa lakini pana tofauti ambayo mhakiki haifai aifumbie macho. Malumbano na ngonjera vinafanana kwa sura tu. Katika malumbano hakuna anayejua nani atashinda. Jibu linaweza kuja baada ya wiki tatu likaubomoa utungo wote wa kwanza. Katika ngonjera mtunzi ni mmoja, naye anaandika pande zote mbili. Asiyejua huuliza, anayejua hueleza, na mwisho asiyejua hukubali na kushukuru. Mpinzani amepewa sauti, lakini amepangiwa pia namna ya kushindwa. Mnyampala alikuwa fundi mkubwa, na nia yake ya kuelimisha siitilii shaka. Hata hivyo chama kilipoipenda ngonjera kuliko malumbano, kilikuwa kimechagua: kilitaka mvuto wa majibizano bila hatari yake.

Hatari nyingine ilionekana katika msamiati wa siku zile. Maneno kupe, mrija, mnyonyaji, bepari na kabaila yalijaa katika Uhuru, na vilevile katika Ngurumo, gazeti lililochapishwa na kampuni binafsi ya Thakers kuanzia 1959 na lililopendwa sana mitaani. Kinadharia, kupe alikuwa mtu yeyote anayeishi kwa jasho la mwenzake. Mjini, kupe alikuwa na sura: mwenye nyumba na mwenye duka wa asili ya Kihindi. Aprili 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wengi wa walionyang'anywa walikuwa Wahindi wa Kisutu, Upanga na Kariakoo, na msomaji alikuwa ameshaandaliwa na katuni na tungo za miaka minne kuona kwamba ni haki tupu. Kati ya walionyang'anywa walikuwamo wajane na wazee ambao nyumba hiyo moja ndiyo ilikuwa pensheni yao. Sera ya makazi inaweza kujadiliwa, na kodi za nyumba mjini zilikuwa mzigo wa kweli kwa mpangaji. Kumwita jirani mdudu ni jambo jingine, nasi hatujalikiri vya kutosha.

Hata hivyo, maneno yaleyale yaliwarudia walioyatuma. Wasomaji walijifunza kumwita kupe meneja wa shirika la umma anayejichotea mali. Walimkejeli mkubwa wa mjini kuwa naizesheni na mbenzi. Chama kiliwapa wananchi lugha ya kumhukumu tajiri, nao wakaitumia kumhukumu kiongozi. Katika Uhuru hilohilo, Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory, mtu aliyekuwa akihangaika na maisha ya mjini, aliwachekesha watu kwa mambo ambayo hotuba haikuyagusa.

Nafasi ya kujibu ilionekana wazi zaidi mwaka 1968. Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana, ianze Januari 1, 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo, kwenye kituo cha mabasi, wakawadhalilisha kwa sababu ya mavazi. Barua zikamiminika magazetini. Wapo walioshangilia kwamba utamaduni unalindwa. Wapo waliouliza utamaduni gani huo unaomchania binti nguo hadharani, na kwa nini suti ya kiongozi haikuonekana kuwa ya kigeni. Kampeni haikuzuiwa na barua hizo. Lakini leo tunajua kwamba mji ulibishana, na tunajua kwa sababu magazeti yalichapisha mabishano.

Mwaka 1976 Ngurumo lilikoma, na mwaka huohuo ikaja Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifunga gazeti. Kwa miaka zaidi ya kumi msomaji wa Kiswahili aliyetaka gazeti la kila siku alikuwa na Uhuru tu. Matokeo yake yalionekana 1983 katika vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na vitenge vilikuwa vimeadimika, wananchi walikuwa na hasira, na walanguzi wa kweli walikuwapo. Wenye bidhaa walizitupa barabarani na vichakani usiku kwa hofu ya msako. Magazeti yalisema kwa sauti moja. Sheria ya mwaka huo iliwapeleka watuhumiwa mbele ya baraza maalumu, nje ya mahakama za kawaida, na mwaka uliofuata ilibidi itungwe nyingine badala yake. Mwenye duka aliyeonewa hakuwa na ukurasa wa kujitetea.

Picha inayodai ibada

Argentina ya Perón ilikuwa nchi ya jarida la picha. Perón aliingia madarakani Juni 1946 kwa nguvu ya wafanyakazi aliowaita wasio na mashati, na mkewe, Eva, alitoka moja kwa moja katika ulimwengu wa magazeti pendwa. Kabla ya siasa alikuwa mwigizaji wa filamu na redio, na sura yake ilikuwa imeshapamba majarida ya burudani kama Antena na Radiolandia. Wasomaji walimjua kama nyota kabla ya kumjua kama mama wa taifa.

Serikali ilijenga juu ya mazoea hayo. Shirika la uchapishaji la Haynes, lenye El Hogar la akina mama wa tabaka la kati na Mundo Argentino la watu wa kawaida, liliingia mikononi mwa watu wa Perón. Watoto walipewa Mundo Infantil. La Prensa, gazeti kubwa la upinzani, lilitaifishwa 1951 na kukabidhiwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka huohuo lilizaliwa Mundo Peronista, jarida la chuo cha kuwafunza makada, likaendelea hadi utawala ulipoangushwa Septemba 1955. Humo mlikuwa na mashairi, hadithi na ukurasa wa watoto, na juu ya vyote picha: Eva akimkabidhi mtoto zawadi, Perón akitabasamu juu ya umati. Eva alipofariki Julai 1952 akiwa na miaka 33, picha hizo zilipata hadhi ya sanamu za watakatifu.

Mashairi ya Mundo Peronista yanatupa mahali pa kulinganisha moja kwa moja. Nayo yaliandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida na kwa mapenzi ya kweli. Lakini ni mashairi ya sifa na maombolezo, yanayomwelekea mtu mmoja. Kwa shairi la sifa jibu pekee ni sifa nyingine iliyo kubwa zaidi. Mshairi wa Kiswahili wa 1968 aliyelisifu Azimio alilisifu wazo, na mwenzake angeweza kuuliza maswali juu ya wazo hilo bila kumgusa Mwalimu. Msomaji wa Buenos Aires aliyeshika jarida lenye picha ya Eva akiwa amembeba mtoto maskini angeuliza nini? Kuitilia shaka picha ile kulikuwa sawa na kumtukana mama na mtoto kwa pamoja.

Wasomaji wa Argentina nao waliandika barua. Mwishoni mwa 1951 serikali iliwaalika wananchi waeleze mahitaji yao ili yaingizwe katika mpango wa pili wa miaka mitano, na barua zikaja kwa maelfu: kijiji kinaomba daraja, mtaa unaomba maji, mjane anaomba cherehani. Zina utu mwingi. Lakini zilikwenda juu, kwa mkubwa. Barua ya msomaji wa Dar es Salaam kwa mhariri ilikwenda pembeni, kwa msomaji mwenzake. Anayeandika kwenda juu huomba. Anayeandika kwenda pembeni hubishana, na mabishano ya aina hiyo ndiyo humfanya mtu kuwa raia.

Waliompindua Perón hawakujifunza lolote. Machi 1956 serikali ya kijeshi ilipiga marufuku kwa amri hata kulitaja jina lake, pamoja na picha na nyimbo za chama chake. Propaganda ya picha ilijibiwa kwa marufuku ya picha, na jina lililokatazwa likazidi kupendwa.

Kichwa cha habari kinachodai macho

Baada ya Tanzania kurudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, meza za magazeti za Kariakoo zilijaa tena. Yakaja Majira, Nipashe na Mwananchi, na sambamba nayo yale tunayoyaita magazeti pendwa: Uwazi, Ijumaa, Risasi na mengine ya Global Publishers, yenye mapenzi ya mastaa, fumanizi, uchawi na hadithi za kuendelea. Anayedharau magazeti haya hamjui msomaji wa nchi hii.

Yametuletea pia namna mpya ya kusoma. Pita Mtaa wa Msimbazi asubuhi. Magazeti yametandazwa mezani au yamening'inizwa kwa vibanio, na watu wamesimama mbele yake: machinga mwenye furushi begani, dereva wa bodaboda, mama anayewahi dukani. Wengi hawanunui. Wanasoma herufi nyekundu na njano za ukurasa wa mbele, wanaona sura, wanaondoka na habari nzima waliyojitungia. Kichwa cha habari hakina sanduku la posta. Hakuna wa kumjibu.

Rais Magufuli aliingia madarakani Novemba 2015 akijitambulisha kama rais wa wanyonge, na wengi wa Kariakoo walimpokea hivyo kwa sababu za kweli. Tangu Desemba 2018 wamachinga walipata vitambulisho vya shilingi 20,000 na kupumua kutoka kwa mgambo. Siwabezi waliompenda: kwa mtu aliyekuwa akikimbizwa na bidhaa zake kila siku, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini upande wa magazeti mlango ulikuwa unafungwa. Sheria ya Huduma za Habari ilipitishwa 2016. Mwaka 2017 Mawio lilifungiwa miezi 24 baada ya kuwataja marais wastaafu katika sakata la mikataba ya madini, MwanaHalisi likafungiwa miezi 24, Raia Mwema siku 90 na Tanzania Daima siku 90. Mwaka 2020 Tanzania Daima likafutiwa leseni kabisa.

Katika nafasi iliyobaki likastawi Tanzanite, gazeti la Cyprian Musiba lililojulikana kwa kuwaandama wakosoaji wa Rais kwa majina na picha kubwa za ukurasa wa mbele. Maneno ya siku hizo yalikuwa mabeberu, vibaraka na vita ya uchumi, ndugu wa kupe na mrija wa mwaka 1967. Tofauti ni kwamba kupe wa 1967 alibishaniwa katika barua na beti. Kibaraka wa 2018 alibandikwa mezani Kariakoo, sura yake kubwa kuliko ya gazeti jirani, na anayepita alikuwa na sekunde chache tu za kuamini au kutoamini. Upande wa burudani, wasanii wa Bongo Fleva walipanda majukwaa ya kampeni za CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU, mwaka 2015 na 2020, na ukurasa wa mastaa ukawa ukurasa wa siasa bila kubadili rangi. Hapo jadi zetu mbili zilikutana: msamiati wa Ujamaa uliingia katika picha ya nyota ya Buenos Aires.

Waziri wa zamani wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, mmoja wa walioandamwa hivyo, alipata jibu lake mahali pengine. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilimwamuru Musiba amlipe shilingi bilioni 9 kwa kumkashifu. Hukumu hiyo ilikuja miezi saba baada ya kifo cha Rais Magufuli. Mtu wa kawaida asiye na wakili hana miaka ya kusubiri mahakamani wala mtaji wa kufungua kesi. Yeye jibu lake lingekuwa barua ya maneno 200 katika gazeti lilelile, wiki ileile.

Hukumu

Ulinganisho huu unanipa hukumu mbili. Kwanza, jadi yetu ya ubeti na barua ilikuwa na kinga ambayo jarida la picha la Perón halikuwa nayo, na ambayo kichwa cha habari cha leo hakina: ilimtambua msomaji kuwa mtu mwenye jibu. Pili, kinga hiyo haitoshi peke yake. Ngonjera iliifuga, na gazeti la pili lilipokosekana baada ya 1976 ikakosa pa kukaa. Majirani zetu wanalijua hilo: Kenya ya Nyayo, enzi ya Rais Moi, ilikuwa na magazeti ya chama tawala, KANU, lakini Beyond, jarida la makanisa, lilipoandika juu ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988 lilipigwa marufuku. Umbo zuri linahitaji uwanja, na uwanja unahitaji sheria inayoulinda.

Wenye madaraka nao wanapoteza. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, la chama tawala chenyewe, lilichapisha ukurasa wa mbele uliodai kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana mpango wa kugombea 2025. Chama kilisimamisha uchapishaji, na serikali ikalifungia gazeti hilo siku 14. Nyundo iliyotengenezwa kwa ajili ya wengine iliangukia Mtaa wa Lumumba. Februari 2022 magazeti yaliyokuwa yamefungiwa ya Mawio, MwanaHalisi, Tanzania Daima na Mseto yalirudishiwa leseni, hatua ninayoipongeza, ingawa uwezo wa kuyafungia tena haukuondoka katika sheria.

Kwa hiyo ninawaomba wahariri wa magazeti pendwa, kwa sababu ndio wenye wasomaji: rudisheni ukurasa wa barua na ukurasa wa mashairi, mkubwa, wa kila toleo, wenye jina la mtunzi na namna ya kumfikia. Mkimtaja mtu vibaya mbele, mpeni nafasi mbele. Nawe msomaji, usiishie kwenye herufi nyekundu. Gazeti likikuudhi, liandikie. Likikataa kukuchapisha wewe na wenzako mara kwa mara, nunua lingine.